Mwendo wa Bernadeta

Chandrakant alishuka stesheni ya Morogoro mwaka wa pili tangu reli ifike mjini, akiwa na masanduku mawili ya bati. Moja lilikuwa na nguo zake. La pili hakutaka hamali aliguse. Akajitwika mwenyewe, mpaka mjomba wake Pravin aliyekuja kumpokea akaona haya, maana mwenye duka na jamaa zake hawaonekani barabarani wakibeba mizigo. Mjomba alipouliza ndani mna nini, Chandrakant akasema vitabu. Uongo mtupu. Mlikuwa na sari mbili za hariri, nywele ndefu za bandia, njuga za miguuni na kopo la poda.

Tusimcheke upesi. Kwao Kathiawar, ng'ambo huko Uhindini, wanawake hawakupanda jukwaani, na michezo haikosi malkia, mama mkwe wala mchumba anayelia. Wote hao waliigizwa na wanaume. Chandrakant aliingia katika kundi la maigizo akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na sita alikuwa malkia wa kutajika, wazee wenye ndevu wakilia kumwona akilia. Mwalimu wake alimfundisha mambo mawili. La kwanza, ukitaka kuwa mwanamke jukwaani usimbuni. Mtafute mmoja wa kweli, mfuate hata mwezi mzima, mpaka ujue anavyotua mtungi na anavyonyamaza akikasirika, kisha umchukue mzimamzima. La pili, kicheko hata mlevi anakipata. Watu wakinyamaza, hapo ndipo umewashika.

Halafu ndevu zikamjia, tena ndevu kaidi, na sauti ikashuka ikawa ya mnadi wa ng'ombe. Mkuu wa kundi akamleta mwingine mwenye mashavu laini, na Chandrakant akaambiwa ashike mapazia. Alishika mapazia msimu mmoja, akashindwa. Baba yake, ambaye miaka yote hiyo aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni karani, akafurahi kupata njia ya kumwondoa, akamwandikia shemeji yake wa Morogoro. Chandrakant hakukataa safari. Alikuwa amesikia kwamba Afrika ya Wajerumani ina Wahindi wenye mali na haina mchezo hata mmoja, naye akapiga hesabu yake ya siri kwamba pasipo na mwigizaji, hata mwenye ndevu atapokewa.

Mjomba Pravin aligundua sanduku wiki ya kwanza. Hakupiga kelele. Alilifunga, akalisukuma chini ya kitanda, akasema kwamba ndani ya nyumba hii mtu akivaa sari awe ni mke wake Hansa peke yake, na kwamba mjini wanaamini Chandrakant ni karani, basi wasije wakaambiwa vingine. Chandrakant akainamisha kichwa. Aibu ile ilikuwa ya watu, ya kusemwa na kuchekwa. Wakati huo hakujua kama iko nyingine.

Akawa mtu wa dukani. Alipima marekani na kaniki, akajifunza Kiswahili juu ya meza ya duka, neno kwa neno, kutoka kwa wateja waliomcheka na kumsahihisha. Lakini jicho la kazi yake halikulala. Kila mwanamke aliyeingia alimpima kuliko alivyopima kitambaa. Na miongoni mwao wote, aliyempendeza ni mmoja aliyeteremka mlimani Jumanne na Jumamosi na kapu la kabichi na karoti za kuwauzia Wazungu wa reli. Aliitwa Bernadeta, wa kijiji cha misheni huko juu ya Bigwa. Alikuwa na mwendo wa watu wa miteremko, magoti yamelegea kidogo, kisigino kikitafuta ardhi kwanza, hata akiwa mjini mahali palipo sawa. Akitaka kuuliza bei alishika kiuno kwanza, akatazama nje, ndipo akauliza, ungedhani anauliza kwa niaba ya mtu mwingine. Chandrakant alimfanyia mazoezi stoo, katikati ya magunia ya chumvi, debe tupu kichwani. Miezi mitatu ilipokwisha alikuwa amemchukua mzimamzima.

Kitu kimoja tu hakukielewa, nacho ndicho kilichomfurahisha zaidi. Siku moja ya Agosti mjomba alikuwa ametoka. Bernadeta akaja bila kapu, si Jumanne wala Jumamosi, akaomba bafta nyeupe. Chandrakant akatandaza jora, akachukua ufito wa kupimia. Bernadeta akausukuma kando. Akaivuta bafta mwenyewe, akaishika chini ya kidevu, akaiachia imshukie kifuani, akaikunja juu kidogo ya goti. Akaitazama. Akaishusha hadi goti, akairudisha juu tena. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu, na midomo yake ikisogea bila sauti. Chandrakant hajapata kuona ubahili wa namna ile, akamtania kama wachuuzi wanavyotania. "Chukua pande zima, mama, ushone gauni upendeze." Bernadeta alionyesha kwa kidole pale pa kukata, akasema, "Hapo panatosha," akaikunja ndogo kabisa, akaenda zake. Hata hakuomba apunguziwe. Jioni Chandrakant aliuigiza upimaji huo stoo mara nyingi, kidevu mpaka goti, akacheka peke yake.

Ikafika Januari. Sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Ujerumani ilikuwa ikifanywa kila mwaka mbele ya boma, na safari hii Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, aliagiza kila jamaa ya mjini ilete mchezo wake. Askari wangecheza gwaride na kuvuta kamba, wenyeji wangeleta ngoma, watoto wa misheni wangeimba. Wenye maduka wa Kihindi walikaa kikao wakatazamana. Hakuna aliyejua kitu zaidi ya kuuza. Hapo Chandrakant, aliyekuwa akigawa chai, akatua sinia na kusema kwamba yeye anaweza. Akaulizwa anaweza nini. Akaeleza yote, kundi, malkia na njuga. Mjomba Pravin alitazama kikombe chake muda wote huo. Lakini orodha ya boma ilikuwa ikingoja jina, na hakuna mwingine aliyejitokeza, basi wakakubali huku wakikwepa macho ya mjomba.

Kukawa na jambo kubwa zaidi. Rahemtulla, tajiri wa Dar es Salaam mwenye ghala tupu karibu na bandari, alikuwa akija kwa treni kutazama sikukuu. Ilisemwa kwamba anataka kuligeuza ghala hilo kuwa nyumba ya michezo na kwamba anatafuta watu. Chandrakant aliposikia hakula siku mbili. Kwake mambo yalikuwa wazi. Akimpendeza Rahemtulla, atarudi jukwaani. Asipompendeza, atazeeka akipima kaniki.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa, na nyuma yake Mjomba Pravin alikuwa ametundika pande la bafta kutoka dukani kuwa pazia. Rahemtulla alikaa mbele, karibu na Wazungu. Watu wa misheni walikaa upande wa kushoto, watoto mbele, mama zao nyuma yao chini. Chandrakant alitoka na sari nyekundu, ndevu zimenyolewa mpaka ngozi ikawaka, akaanza maombolezo ya malkia aliyeachwa na mumewe porini. Alilia kwa Kigujarati, na alilia vizuri, mimi simnyimi haki yake. Lakini nani aliyeelewa? Wazungu walizungumza wao kwa wao. Askari walikwisha kuanza kuvuta kamba upande wa pili, na watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Hata Wahindi walitazama chini kwa aibu ya kumwona mwenzao na njuga. Rahemtulla akatoa saa mfukoni.

Hiyo saa ndiyo iliyomponza. Chandrakant aliiona ikifunguliwa, na moyo ukamwambia kwamba sasa amekwisha. Akavua nywele za bandia, akaikunja sari ikawa mavazi ya mwanamke wa mlimani, akakiweka kichwani kikapu kilichokuwa na maua ya malkia, akazunguka jukwaa magoti yamelegea, kisigino kikitafuta mbao. Mtu akacheka. Akashika kiuno, akatazama pembeni, akauliza kwa Kiswahili bei ya chumvi kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Wakacheka wengi. Walioinuka wakarudi. Hata waliokuwa kwenye kamba wakaiacha, na Bwana Shauri akageuza kiti. Rahemtulla akarudisha saa mfukoni.

Basi Chandrakant akafika kileleni pa mchezo wake. Akalichomoa pazia la bafta, akageukia upande huu akawa mwenye duka anayebembeleza, upande ule akawa mwanamke. "Chukua pande zima, mama, upendeze." Akaishika chini ya kidevu. Akaikunja juu ya goti. Watu wa mjini walivunjika mbavu. Akaishusha, akairudisha, na midomo ikisogea bila sauti. Upande wa kushoto kicheko kikakatika. Mama mmoja wa misheni akajiziba mdomo kwa mkono. Mwingine akamvuta mtoto wake mapajani. Chandrakant aliwaona wakinyamaza, safu nzima, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wake. Amewashika. Kwa hiyo hakuacha. Alizidi kupunguza mwendo, akapima mara ya nne, ya tano, akaisugua bafta shavuni, jambo ambalo Bernadeta hakulifanya.

Ndipo mwanamke akainuka katikati ya wale waliokaa. Alipita kati ya watu akaelekea njia ya mlimani, na kwa kuwa mtu hana mwendo mwingine ila wake, alikwenda magoti yamelegea, kisigino kikitafuta ardhi. Mtu wa mjini akamwona akamwonyesha mwenziwe kidole. "Ndiye huyo." Wakageuka wote wakamtazama, na kicheko kikamsindikiza mpaka alipopotea nyuma ya nyumba. Chandrakant alisimama na bafta kidevuni. Hakuelewa kosa liko wapi.

Walipofunga duka jioni ile, Rahemtulla alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Alikuwa amemshika Chandrakant mabega yote mawili. Malkia huyo mwache, alisema, malkia wamejaa. Mimi namtaka mama wa kabichi, na zaidi ya yote namtaka mama wa bafta, huyo Dar es Salaam hawajamwona. Treni ni Alhamisi. Chandrakant alikubali papo hapo. Mjomba Pravin alisubiri mpaka mgeni ameondoka, akalichukua lile pande la bafta lililokuwa limerudi na vumbi, akaanza kulikunja.

"Alinunua lini?" mjomba akauliza.

Chandrakant akasema mwezi wa nane.

"Nimekaa hapa miaka kumi na minne," mjomba akasema. "Kina mama wa juu wakija kununua bafta na hawataki ufito, sipimi, sibishani, sisemi neno. Wanapima kwa mwili wao, pale mtoto alipokuwa akilala akibebwa. Ni sanda, Chandrakant. Alikuwa anampima mtoto wake."

Kisha mjomba akaendelea kukunja kitambaa. Chandrakant aliketi juu ya gunia. Lililomrudia kwanza halikuwa jukwaa. Ni lile neno lake la Agosti, ushone gauni upendeze. Alimtania mtu anayenunua sanda, akaenda stoo akacheka, kisha akalipeleka neno lile kwenye sikukuu ya Kaisari, mbele ya watu wote. Haya zilimvaa mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka, na Hansa akamwita chakula kiko tayari.

Jumapili alipanda mlima. Njia ilikuwa na utelezi, naye alianguka mara mbili na viatu vyake vya mjini. Kijijini walimpeleka kwanza kwa Alois, kaka yake Bernadeta, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo la mtoto, hata aliyekufa, mjomba wake ndiye wa kuambiwa. Chandrakant akamwamkia shikamoo, Alois akaitikia marahaba, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Halafu akamwita dada yake kutoka shambani. Bernadeta akaja na jembe, akalilaza chini, akaketi kwenye kizingiti.

Chandrakant alikuwa amejiandaa njia nzima. Akasema hakujua. Akasema kwao mambo hufanywa vingine, akasema ni mgeni, ana mwaka haujaisha, na kwamba tangu siku ile hajalala vizuri. Hayo yote yalikuwa kweli. Kisha ulimi ukaendelea wenyewe. Akasema kuna tajiri wa Dar es Salaam. Akasema huko hakuna amjuaye Bernadeta, jina lake halitatajwa, hata Morogoro haitatajwa. Akasema watu wa huko hawatacheka kama wa hapa, yeye ataigiza kwa heshima, watu watalia. Na alipokuwa akisema hivyo aliona Bernadeta anavyong'oa udongo kwenye ukucha wa kidole gumba kwa ukucha wa kidole cha mwisho, polepole, na jicho lake likauchukua mkono ule, likauweka akiba. Alijikuta tayari anafanya hivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Akaukalia mkono.

Bernadeta aliuona. Akasema, "Anaitwa Andrea. Alikuwa amejua kusimama."

Chandrakant aliendelea kuukalia mkono wake.

"Sasa nikuulize," Bernadeta akasema. "Umepanda huku kuomba radhi, au kuomba ruhusa?"

Alois akainua uso akamtazama mgeni. Kuku walikuwa wakiparura chini ya migomba. Chandrakant alijua jibu, alilijua vizuri kuliko alivyopata kujua kitu chochote, kwamba asingekuwako Rahemtulla na treni yake ya Alhamisi, yeye asingepanda mlima ule. Angejificha dukani mpaka watu wasahau. Alikuja ili mama huyu amtakase, apate kumwigiza kwa moyo mweupe. Alitazama kizingiti, akasema, "Radhi."

"Basi nimekusamehe," Bernadeta akasema. Akainuka, akachukua jembe lake, akarudi shambani. Alois akampa mgeni ndizi mbivu za njiani na kumsindikiza hadi penye kijito, akimshika mkono mahali penye utelezi. Njiani alimwambia kwamba tangu waje Wazungu na Wahindi na reli yao hajaona mgeni aliyepanda mpaka huku kwa sababu ya neno kama hilo, na kwamba wao hawatalisahau.

Chandrakant alishuka na msamaha ambao hakuuendea, na ruhusa aliyoiendea hakuthubutu kuitaja. Angeweza kwenda tu, nani angemzuia? Dar es Salaam ni mbali na Bernadeta asingejua. Siku tatu alizunguka na wazo hilo. Lakini alikwisha kusema neno moja la uongo kwenye kizingiti cha watu, wakalipokea kuwa kweli, na akaona hana njia ila kuliishi mpaka liwe kweli. Alhamisi alikwenda stesheni mikono mitupu. Akamwambia Rahemtulla kwamba yule mama hayupo tena. Rahemtulla akadhani ni bei, akaongeza. Kisha akadhani ni wazimu, akapanda behewa lake. Treni ikashika njia ya Kingolwira, na Chandrakant akarudi kufungua duka.

Sari aliziuza. Watu walimwomba aigize sikukuu ya Diwali iliyofuata, na iliyofuata tena, akasema goti linamsumbua, na mwisho wakaacha kumwomba. Hadithi ya mlima ilishuka mjini kwa vinywa vya watu wa misheni, ikaenda ikikua. Walisema alipanda siku hiyo hiyo ya sikukuu. Walisema alipiga magoti. Padri aliitaja kanisani, na kina mama wa juu wakaacha maduka mengine wakawa wananunua kwake tu. Mjomba Pravin, aliyemwonea haya tangu stesheni, alianza kumtambulisha kwa wageni kwa kumwekea mkono begani. Kila mkono wa namna hiyo ulimchoma. Mara mbili alitaka kumwambia mjomba ukweli, na mara zote mbili akaona kwamba akisema atasifiwa kwa kusema, akanyamaza.

Bernadeta naye aliendelea kuja Jumanne na Jumamosi. Walisalimiana, akauza, akanunua chumvi, wakaagana. Chandrakant alijifunza kutazama meza akimhudumia. Mwaka wa vita, Wajerumani walipokuwa wakifungasha na mji una hofu, alikuja na binti wa miaka minne hivi, akamsukuma mbele kidogo.

"Mwamkie," Bernadeta akamwambia binti. "Huyu ndiye aliyepanda mlima kwa ajili ya kaka yako. Alikuja kuomba radhi tu, hakuja kwa lingine."

Alilisema hilo la mwisho akimtazama Chandrakant usoni, bila hasira na bila tabasamu, na Chandrakant hakujua, wala hakupata kujua maisha yake yote, kama anaamini au anamkumbusha. Mtoto akasema shikamoo. Chandrakant akafungua kinywa kuitikia, na marahaba ikagoma kutoka.